Ezekieli Mokwena, Mwana wa Rosalia wa Matombo

Ndugu waombolezaji, wazee wetu na majirani, familia ya Mokwena ya Turffontein inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie usomaji huu, kwa kuwa yapo mambo mawili yaliyosemwa kinyume, moja magazetini na moja humu kanisani mwezi Februari, na leo yanasomwa yalivyo.

Ezekieli Thabo Mokwena alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 mjini Morogoro, Tanzania, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Thabo Mokwena, aliyekuwa uhamishoni huko wakati wa ukombozi, na marehemu Rosalia Mkude, mwenyeji wa huko huko. Hakuzaliwa Orlando ya hapa Johannesburg, kama ilivyoandikwa magazetini. Wazazi wake walimleta Johannesburg Agosti 1991, wakapanga vyumba viwili Troyeville, ambako mama yake alishona sare za shule na kumfundisha yeye na dada yake Beatha kusali kwa Kiswahili, lugha ambayo Ezekieli aliielewa hadi mwisho, ingawa mbele za watu alijibu kwa Kiingereza.

Alianza shule ya msingi Januari 1992, akamaliza sekondari mwaka 2001, akasomea upimaji wa ardhi, na mwaka 2006 akaajiriwa na kampuni ya kupima viwanja, ambako alisifiwa kwa kurudia kipimo mara tatu kabla ya kukiandika. Tarehe 28 Aprili 2012 alifunga ndoa na Suzan, binti wa Rosettenville, na Mungu akawajalia watoto wawili, Refilwe, aliyezaliwa 2013, na Zakayo, aliyezaliwa 2016 na kupewa jina la baba yake Rosalia.

Julai 2024 vyama vinne viliunda serikali ya mseto ya jimbo, chama kidogo ambacho Ezekieli alikuwa kiongozi wake kikapewa kiti kimoja katika Baraza la Mawaziri na kumteua yeye, na kila chama kikatakiwa kuwapelekea wenzake wasifu wa mtu wake kabla ya kuapishwa. Chama kimojawapo kilikuwa kimetangaza kwamba hakitakaa meza moja na mtu aliyetoka nje. Kisheria Ezekieli hakuwa na dosari, baba yake alikuwa raia, angeweza kuandika Morogoro akawaacha waseme, lakini alihofia kukikosa kiti, na Beatha, mtunza karatasi za familia, ambaye ndiye anayesoma hapa, aliketi akaandika Orlando kwa mkono wake mwenyewe.

Waandishi wa habari walipofika nyumbani, mama aliombwa akae chumba cha nyuma. Akauliza, "Hata chai nisiwapelekee, mwanangu?" Ezekieli akamwambia, "Mama, ukifungua mdomo tu, wameshajua." Mama akasema, "Basi waambieni mimi ni yaya wenu, yaya haulizwi kwao ni wapi," akacheka, na wanawe wakacheka naye, kicheko ambacho hadi leo hakijawatoka masikioni.

Katika Baraza lile hawakupiga kura. Mapatano ya mseto yalisema kwamba Waziri Mkuu wa jimbo atasoma azimio na kuuliza kama kuna chama chenye pingamizi, chama kimoja kikipinga jambo linarudishwa, na aliyenyamaza amekubali. Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2024, lilisomwa azimio la kufunga maduka ya spaza, yale madogo ya mitaani, katika kitongoji cha Diepsloot, ambayo wenye nayo hawakuzaliwa nchini. Ezekieli mwenyewe aliwaeleza watu wa nyumbani kwamba swali liliulizwa mara mbili, kwamba mara ya pili walimtazama yeye, na kwamba alijimiminia maji akanywa.

Duka la tatu kufungwa lilikuwa la Othmani, mtoto wa kaka yake Rosalia, ambaye kwa miaka kumi na mmoja aliwaletea ndugu zake mchele kila Krismasi. Alikuja Turffontein akasimama mlangoni, akasema, "Kaka, neno moja tu lilikushinda?" Ezekieli akajibu, "Eish, ndugu yangu, ningesema, mseto ungevunjika." Othmani akamwambia, "Sawa, mheshimiwa, mseto wenu umeiva, sisi ndio vijiwe mlivyochambua mkatupa," akaondoka bila kuketi. Mseto huo ulivunjika Juni 2025, kwa ugomvi wa nani apewe wizara ya barabara.

Mama Rosalia alifariki tarehe 9 Februari 2025, akazikwa Jumamosi tarehe 15, mawaziri wakiwa wamekaa mabenchi ya mbele, na humu ndani ikasomwa historia iliyosema alizaliwa Nelspruit, humu humu nchini. Akina mama wa Troyeville walioshona naye miaka thelathini waliisikia, wakainamisha vichwa, hakuna aliyenyanyuka kusahihisha. Historia hiyo pia iliandikwa na Beatha. Inasomwa upya sasa: Rosalia Zakayo Mkude alizaliwa mwaka 1957 Matombo, Morogoro, na hakuwa yaya wa mtu.

Ezekieli alianza kuugua kongosho mwezi Julai, akalazwa mara tatu, na katika siku zake za mwisho hakuomba atetewe, aliomba ya mama isahihishwe. Alifariki tarehe 3 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, ameacha mjane, watoto wawili na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Turffontein waliopika na kufunga turubai, wenzake wawili wa Baraza waliofika, na akina mama wa Troyeville, ambao walikuwa na sababu ya kutofika. Othmani alipelekewa taarifa, hakuja, na familia haimlaumu. Atazikwa ubavuni mwa mama yake, na mtakapofika makaburini msishangae kulikuta kaburi la mama halina jiwe, tuliling'oa jana, kwa sababu Nelspruit ilikuwa imechongwa ndani sana, haikufutika.

Ezekieli, mwana wa Rosalia, pumzika kwa amani, na ukimkuta mama, muombe radhi kwa Kiswahili.