Maji ya Mkunga

Katika basi la Gaya, bibi mwenye mashamba aliyekaa mbele yangu alimuuliza msichana aliyeketi kando yake kwao ni wapi. “Mtaa wa Wachamari, sisi wa tabaka mnaloliita najisi, ule mnaoukwepa, bibi mkubwa. Mimi ni binti wa Phulmatia, mkunga.”

Bibi akashika kifua. “Phulmatia alinizalisha mara nne! Naenda kumwomba radhi. Kila alipoomba maji, nilimmiminia viganjani kutoka juu, nisimguse.”

“Mikono iliyopokea wanao ndiyo najisi?”

“Ndivyo tulivyofundishwa, mwanangu.”

“Umechelewa. Alikufa majira ya baridi.”

Sisi abiria tukajifanya tunatazama mpunga. Bibi akafungua chupa yake ya maji. “Basi kunywa wewe, mdomo wako uguse chupa yangu.”

“Sina kiu, bibi.”

Nilimwomba Mungu binti aipokee chupa. Basi likasimama, naye akashuka, chupa ikabaki wazi mkononi mwa bibi.