Ramani Niliyoichora Bila Kumuuliza Mke Wangu

Ndugu zangu mnaouguza, assalamu alaikum. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuiona alasiri ya leo, na namtakia rehema Mtume wetu. Mwenyekiti amenitaka niseme kwa kuwa mimi ni wa zamani katika kikundi hiki. Nitasema nikiwa nimekaa. Magoti yamechoka, na mimi mwenyewe nimechoka.

Wengi mnajua kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za nyumba, hapa hapa Tanga, mpaka nilipostaafu. Kisha mke wangu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Nyumba yetu ya Ngamiani ina vidato na milango myembamba, haikumfaa tena. Binti yetu akamchukua kwake Maramba. Nikamwambia mke wangu, "Nipe miezi mitatu, nitaitengeneza nyumba urudi." Akanitazama tu. Mimi nikaelewa amekubali.

Ndugu zangu, nawaambia, miezi mitatu ikawa mwaka na nusu.

Ramani niliichora mwenyewe. Uani wetu, ule wa wazi wenye birika la maji, niliufunika kwa zege ukawa chumba cha mgonjwa: mlango mpana, choo ndani, vyuma vya kushikia ukutani. Fundi wa kwanza nilimfanya avunje ukuta kwa sababu ulipinda upana wa kidole. Akaujenga upya, nikaupima, nikamwambia avunje tena. Akakusanya vifaa vyake akasema, "Mzee, shikamoo, na kwaheri." Wa pili nilimsimamia kichwani kutwa nzima na pima maji, nikikagua usawa wa kila tofali. Alikwenda kuswali adhuhuri, hakurudi. Majirani wakatania kwamba mzee yule anatafuta mali iliyofukiwa na Mjerumani zamani, ndiyo maana hachoki kuvunja.

Nilikuwa nalala katikati ya mifuko ya saruji, nakohoa. Kila nikipiga simu Maramba kusema chumba kinakaribia, mke wangu anajibu neno moja: "Maliza." Kwa kuwa haulizi atarudi lini, nikaanza kuona hataki kurudi, nikamlaumu moyoni. Hata swala yangu ilikuwa ya mwili tu. Nasujudu huku nawaza vigae.

Fundi wa tatu alitoka Mwera, upande wa Pangani. Mtu wa makamo, mpole. Hakugusa tofali. Aliomba ramani, akaitandaza juu ya pipa, akaisoma yote mpaka kile kisanduku cha pembeni tunamoandika majina.

"Mzee, hapa mchoraji ni wewe."

"Ndiyo."

"Na mteja ni wewe."

"Nyumba ni yangu, niandike nani?"

"Sibishi, mzee wangu. Nauliza tu, bibi atakayekaa humu alisema anataka nini?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba mke wangu hasemi vizuri.

"Hasemi vizuri," akasema, "au hasemi upesi?"

Nilikaa juu ya matofali. Miaka yote ile ya kazi sikumchorea mtu hata choo bila kumuuliza anataka mlango wake utazame wapi. Mke wangu sikumuuliza neno, kwa sababu jibu lake lingenichelewesha.

Kesho yake nikaenda Maramba. Nikaitandaza ramani kitandani, nikamuuliza, nikangoja. Alichukua muda. Binti yetu alitaka kumsaidia kusema, nikamzuia kwa mkono. Mwishowe mke wangu akaweka kidole cha kushoto pale palipokuwa uani.

"Umenichorea... chumba cha kuumwa," akasema. "Mimi nataka... pa kukaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza?"

Alitaka uani uwe wazi, aone mbingu anapotawadha, na shoga zake waingie kwa mlango wa nyuma bila kupita mbele ya wageni wangu. Kulala, alitaka chumba chetu kile kile, kipanuliwe mlango na viondolewe vidato. Basi. Zege langu lilivunjwa kwa siku tatu, na kifusi nilikibeba kwa karai mimi mwenyewe. Alirudi mwezi wa Shaabani. Kuta hazijapakwa rangi mpaka leo, na nguvu ya kuzipaka sina.

Namshukuru fundi yule, binti yetu na mumewe. Nawashukuru nyinyi mliokuja kukaa na mke wangu ili nami nipate kulala. Hata majirani walionicheka, nawashukuru, maana walikuja kunisaidia kuzoa kifusi.

Nanyi wenye wagonjwa wa ndimi nzito, waulizeni, kisha wangojeni. Kungoja kunachosha, sitawaficha. Asubuhi ya leo nimemuuliza mke wangu kama anataka chai au uji. Maji yamechemka mpaka yakapungua sufuriani ndipo akajibu. Amesema anataka vyote viwili. Alhamdulillahi.