Valentino Kidega, Aliyeanza na Pipa la Dada Yake

Marehemu Valentino Kidega alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 kijijini Lamwoka, kata ya Lapeta, wilaya ya Kitgum, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yonasani Labeja na marehemu Mama Oliva Adoch. Alianza kutembea mapema, na mama alizoea kusema kuwa tangu siku hiyo hakumwona tena ameketi, ila juu ya baiskeli.

Alisoma Shule ya Msingi Lapeta kuanzia 1968, kisha sekondari mjini hadi kidato cha pili, karo ilipokatika. Akawa fundi baiskeli sokoni. Tarehe 9 Mei 1987 alifunga ndoa kanisani na Kerobina Lamunu. Padri alichelewa, bwana harusi akatoka nje kumzibia mtu pancha. Alirudi na vidole vyeusi, na pete ikavishwa hivyo hivyo.

Vita vilitupeleka kambini. Kule hakukuwa na shamba, wanaume walikaa, na mtu aliyekaa tu hunywa. Tuliporudi makwetu, chupa nayo ilirudi. Mwaka 2011 marehemu alichaguliwa diwani, na 2013 baraza la kata likapitisha sheria ndogo: viroba marufuku, na arege, gongo letu la kienyeji, isipikwe majumbani. Siku ya kwanza ya msako alikuja kwa dada yake, ndiye mimi ninayesoma hapa, akapindua pipa langu la arege.

"Kidega, umerogwa? Wapikaji wote wa Lapeta hukuwaona?"

"Nikianza kwa jirani, watasema dada yangu nimemfunika na kapu."

"Sasa unangoja nini? Si uondoke!"

"Nangoja chakula. Malakwang yako inanukia."

Akala, akaongeza, pipa likiwa chali uani.

Lakini sheria ile ilikuwa na shimo, naye alitumbukia. Walevi walifungiwa mahabusu ya kata wakauke. Santo Olanya, jirani yetu, alipelekwa na marehemu mwenyewe kwa mkono. Alitetemeka, akaona nyoka ukutani, akaanguka kifafa, akafa. Hakuna aliyekuwa amewaambia madiwani kwamba aliyezoea kunywa kila siku akikatiwa ghafla aweza kufa. Marehemu alikwenda kwa mama yake Olanya, akapiga magoti. Mama yule alimwambia, "Mtu si samaki, Kidega. Mtu hakaushwi."

Maneno hayo hayakumwacha alale. Alilisumbua baraza miaka miwili mpaka wakampa ghala la pamba lililokuwa tupu. Akaweka vitanda, akamwomba mganga wa zahanati aje na dawa kila asubuhi, akamtaka dada yake, asiye na pipa tena, apike uji. Wa kwanza kuingia alikuwa Bosko Nyeko, aliyeletwa amefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli huku akimtukana marehemu njia nzima. Wapo waliotoka wazima. Wapo waliorudi kilabuni, akawafuata tena, akafukuzwa, akaenda tena. Sasa yasemwa kwamba ghala lirudi kuwa ghala, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Baraza litakaa Alhamisi kuamua.

Mwezi wa Februari mwaka huu tumbo lake lilianza kuvimba. Ilikuwa homa ya ini, ile B, ambayo haiulizi kama unakunywa. Mliosema alikuwa akinywa kwa siri, mpo hapa, nawaona. Chakula kipo, kuleni, lakini semeni ukweli mkifika nyumbani. Alifariki tarehe 3 Juni, alfajiri, akiulizia nani kapeleka uji.

Haya yafuatayo hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Nimeyaongeza asubuhi hii kwa kalamu. Marehemu aliacha neno kwamba kaburi lake lichimbwe bila arege. Wachimbaji wa ukoo wakaweka majembe chini, nami nikawaendea.

"Mama, ardhi hapa ngumu, jembe haliingii."

"Jembe haliingii, au koo halijaingia kitu?"

"Desturi ni desturi, mama."

"Basi kaeni nayo hapo kivulini."

Bosko Nyeko akaokota jembe. Wenzake wa ghalani wakamfuata, na mwingine mikono ingali inatetemeka. Mkisogea mtaona ukuta mmoja wa kaburi umepinda. Umechimbwa na watu wakavu.

Marehemu ameacha mjane, Kerobina, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, dada mmoja, na wanaume waliomo ghalani, ambao hawana pengine pa kulala Alhamisi ikipita vibaya. Waheshimiwa madiwani, mmekaa mstari wa mbele. Kabla hamjatupa udongo, angalieni ule ukuta uliopinda.

Pumzika sasa, ndugu yangu usiyejua kukaa. Uji nimepeleka.