Vigingi Vyekundu vya Themi

— Rupia thelathini kwa punda sita! Huo ni ununuzi au ni mazishi?

— Thelathini leo, Bwana Kwato. Kesho ishirini. Kesho kutwa utanilipa wewe ili niwaondoe.

Mikidadi aliupiga ubao kiganja, vikombe vikaruka, na Siwema akamwambia kikivunjika kimoja atakunywa kahawa kwa kiganja hichohicho maisha yake yote. Ubao wenyewe ulitoka kwenye gari la ng'ombe la Kaburu mmoja lililovunjikia hapo, chini kidogo ya Boma, kwenye njia ya kwenda mto Themi. Ulilazwa juu ya mawe mawili, Siwema, mjane wa Pangani, akaweka jiko na buli lake la shaba, na tangu hapo wanaume watatu walikaa juu yake kila asubuhi kuiendesha dunia. Wa kwanza ni Mikidadi, Bwana Kwato, aliyepakia mizigo ya wenye maduka kutoka Moshi kwa punda wake sita. Mtu wa hasira za karibu, asiyejua kusema jambo kwa kuzunguka. Wa pili ni Shabani, aliyeitwa Hakimu kwa kuwa aliwahi kufagia baraza la Boma miezi miwili. Wa tatu ni Feruzi, aliyeitwa Merikani, wala si kwa sababu ya ile nguo ya pamba. Alimbebea masanduku mwindaji mmoja wa Kimarekani, akarudi na homa, viatu visivyofanana, na kadi moja ya picha.

Kisa cha ugomvi kilikuwa nyuma ya nyumba zao. Gari la moshi lilikwisha kufika Moshi, na Arusha nzima ilikuwa ikitega sikio. Basi siku tano zilizopita vilionekana vigingi vimepigwa mstari, kutoka juu Sekei kushuka hadi uani kwao, kila kimoja na kitambaa chekundu. Hakimu alivitazama mara moja akatoa hukumu: reli. Na reli ikija, punda atabaki nyama isiyolika. Ila yeye, kwa huruma tu, angewanunua wote sita kabla ya adhuhuri. Fedha zilikuwa pale kwenye ubao, ndani ya leso, na fundo lilikwisha kulegezwa.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Hakimu. Kwa hiyo uza sasa hivi.

— Hivyo ndivyo methali hiyo inavyosema? aliuliza Siwema.

— Methali ni kama punda, Bi Siwema. Inakwenda unakoielekeza. Merikani, hebu mtolee ile kadi. Huyu haamini mpaka aone.

Feruzi aliitoa kadi kifuani kama mtu anayetoa hirizi. Barabara pana, ardhi nyeupe, majumba ya ghorofa, na katikati chumba kizima cha watu kinakwenda juu ya reli. Hakuna ng'ombe mbele, hakuna moshi juu.

— Huu si Niuyoki, alisema Feruzi. Huu mji wa wastani tu, kaskazini kabisa ya Amerika, kando ya ziwa. Bwana wangu amezaliwa hapo. Aliniapia walikuwa kama sisi: matope, magari ya ng'ombe, na watu wamekaa kwenye ubao.

— Walikuwa na punda? aliuliza Mikidadi.

— Farasi.

— Wakawaje?

— Reli ilipoingia wakafa kwa aibu.

Mikidadi alitazama pembeni, alipokuwa amemfunga Subira, punda wake wa kwanza, aliyemnunua kwa mshahara wa miaka miwili ya kubeba pembe za ndovu kichwani. Subira alikuwa akitafuna kitu bila aibu yoyote.

— Lakini utajiri wenyewe waliutoa wapi? Reli haioti kama uyoga.

— Barafu, alisema Feruzi. Ziwa linaganda, wanalikata kwa msumeno kama mbao, wanalifunika kwa unga wa mbao, wanaliuza mpaka miezi ya joto.

Walicheka mpaka Hakimu akashika mbavu. Hilo ndilo lilikuwa neno la kweli pekee alilosema Feruzi asubuhi ile, na ndilo pekee walilolikataa. Lakini Hakimu hakuwa mtu wa kuacha faida ilale.

— Ngoja, ngoja. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana Wamarekani wanayagandisha kwanza! Na sisi je? Kibo ile pale, nyeupe juu mpaka mabegani, haina anayeidai. Tunaikata, tunaipakia garini, tunaiuza Tanga.

— Itafika Tanga imekuwa mchuzi, alisema Siwema.

— Na hicho chumba kinavutwa na nini? Mikidadi aliishika kadi akaigeuza juu chini.

— Waya, alisema Feruzi. Ndani ya waya mna radi.

— Radi ya nani?

— Ya mji. Wanaifuga.

Hapo Hakimu alisimama, akakaa, akasimama tena.

— Jamani! Meru inapiga radi masika mazima, tunaiacha inachoma migomba ya watu bure! Tukiifuga sisi, mji ule wa ziwani utakuja kutuomba. Chumba kimoja Boma hadi Sekei, kimoja Boma hadi Themi, nauli hela moja, na mwenye mzigo hela mbili. Miji yote ya wastani itakufa, itabaki yenye waya.

— Huko kwao mtu hatembei kabisa, aliongeza Feruzi. Miguu ni ya kuvalia viatu. Hata maji yanapanda yenyewe ghorofani.

— Yanapandaje?

— Yanaitwa.

— Basi niitieni na mimi, alisema Siwema, maana mfereji umekauka tangu jana asubuhi, na hii ni kahawa ya mwisho.

Hawakumsikia. Mikidadi alikuwa akihesabu moyoni. Rupia thelathini zingempa kibanda cha chai karibu na stesheni. Na stesheni, kwa ramani ya Hakimu, ingekuwa nyuma ya choo chake.

— Na ile pembe ya Jumatatu? aliuliza. Iliyopulizwa alfajiri?

— Boma walikuwa wanakusanya watu wa kuchimba njia ya reli. Ushahidi gani tena unataka?

Kweli, waliisikia pembe wote watatu, na wote watatu walijificha. Mikidadi alilala chini ya shogi, mifuko ya mizigo ya punda, akizuia chafya. Hakimu alijifunika mkeka akatangaza ana ndui. Feruzi alipotea mpaka magharibi, naye hakusema wapi.

— Tena angalia, Hakimu aliendelea, juzi vitambaa vilikuwa mpaka Sekei. Jana nusu ya mlima. Leo vimebaki vya hapa kwetu tu. Reli inakaribia, Bwana Kwato! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na punda ana maguu manne.

Hilo la maguu manne ndilo lililommaliza. Mikidadi alinyoosha mkono akaishika leso.

— Punda huyu ni wa nani?

Mama mmoja wa Kiarusha alikuwa amesimama nyuma yao, jembe begani, shuka limefungwa vizuri, na kiunoni amechomeka rundo la vitambaa vyekundu. Mikidadi alimfahamu kwa sura. Ni Namnyaki wa Sekei, ambaye huleta maziwa sokoni.

— Takwenya, mama, Mikidadi alimsalimu kwa lugha yake. Punda ni wangu.

— Iko, aliitikia Namnyaki. Umemfunga kwenye kigingi changu. Na amekula kitambaa.

— Hicho ni cha reli, mama, alisema Hakimu kwa upole wa barazani.

— Reli gani? Nimekichonga mimi na mume wangu Loishiye. Vyote ni vya mfereji. Kila nyumba inayokunywa maji ina kigingi chake na kipande chake cha kuchimba. Jumatatu tulipuliza pembe. Nyumba ikichimba, natoa kitambaa. Isipochimba, kinabaki.

Watatu wale waligeuka taratibu kutazama uani kwao. Kulikuwa kwekundu kama harusi.

— Sasa maji yamefika hapo juu kidogo yamekwama, kwa sababu yenu. Na hizo fedha?

— Namuuzia huyu punda wangu, alisema Mikidadi. Gari la moshi likija hawatakuwa na kazi.

Namnyaki alimgeukia Hakimu. Kiswahili chake hakikuwa kirefu, wala hakikuhitaji urefu.

— Kama hawatakuwa na kazi, wewe unawanunua wa nini?

Hakimu alianza, "Mgeni njoo mwenyeji..." methali ikamkatikia hapo. Feruzi aligeuza kadi kana kwamba jibu limeandikwa nyuma.

Mikidadi ndiye aliyeanza kuhesabu upya. Tangu gari la moshi lifike Moshi hajapumzika hata Ijumaa moja. Mizigo imelala pale stesheni kama maiti zisizo na ndugu, wenye maduka wanamsihi, nauli imepanda mara mbili. Naye hakuwahi kukaa akaunganisha hilo na hili, kwa kuwa alikuwa akiangalia picha ya mji wa watu. Aliifunga leso mafundo matatu akaitupa mapajani mwa Hakimu.

— Thelathini! Ulitaka kunizika, na sanda ninunue mimi mwenyewe!

Kisha akamgeukia Siwema, maana hasira yake haikuwa imekwisha.

— Na wewe kigingi chako kiko wapi? Mbona sioni kitambaa?

— Nilichimba Jumatatu, mlipokuwa mmejificha.

— Ulijua ni mfereji ukanyamaza?

— Nani aliniuliza? Mlikuwa mnaiuliza Amerika.

Siwema aliinamisha buli juu ya kikombe. Lilitoa tone moja, likawaza la pili, likaghairi. Hakimu akakohoa, akasema kwa kweli bado anasikia kandui kadogo.

Namnyaki alishusha jembe lake begani akalilaza juu ya ubao, kati ya vikombe vitupu.

— Nyumba tatu, majembe matatu. Mnadaiwa tangu Jumatatu. Simameni.