Jibu la Geessien kwa Profesa Ter Braake

Ndugu waombolezaji, shemeji yangu Roelof, binti yetu Aafke, majirani wa Veendam, na wewe Profesa Ter Braake tuliyekuweka safu ya mbele, mimi ni Harm Wubbena, kaka wa marehemu, dereva wa malori ya viazi, shule niliikimbia mapema, lakini haya nitakayoyasoma nimeyashuhudia yote mwenyewe, hata siku anazaliwa nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza.

Marehemu Daktari Geessien Wubbena alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Bellingwolde, akasoma Winschoten, akaingia chuo kikuu mwaka 1970, na mwaka 1977 akaanza utafiti wa pumu kwa simbilisi, wanyama wadogo wa maabara, akafunga ndoa na Roelof Drenth, mwoka mikate, tarehe 5 Mei 1979, na mwaka 1981 wakajaliwa Aafke.

Simbilisi wake wenye pumu aliwapa kila siku, kwa pampu ndogo chini ya ngozi, dawa ile ile ya kufungua kifua, akakuta njia zao za hewa zimekuwa nyepesi kubana kuliko mwanzo, wakivuta mvuke kidogo tu wa kuchokoza, wanahema.

Tarehe 12 Oktoba 1984 alitetea tasnifu yake, na mnajua kwetu mshika fimbo wa chuo kikuu akishaingia, akagonga sakafu na kutangaza saa imekwisha, hakuna anayeruhusiwa kusema tena, basi Profesa, aliyepewa nafasi ya kuuliza swali la mwisho, akasimama na kusema, "Bibi Wubbena, hao wanyama wako si walikuwa wagonjwa hata kabla hujawagusa? Au tuwaite tuwaulize wenyewe?" Ukumbi ukacheka, naye akaendelea kulizungusha swali hilo hilo mpaka fimbo ikagongwa, dada yangu ndiyo kwanza anafungua mdomo ajibu. Shahada alipewa, ila kwenye kahawa Profesa alipita meza kwa meza akinong'ona, "Mmemwona? Hana jibu yule."

Mkataba wake haukuongezwa, akafundisha biolojia sekondari hapa Veendam tangu 1985 hadi 2013, na mwaka 1991 Profesa akalirudia jaribio lile, akapata matokeo yale yale, akayachapisha kwa jina lake peke yake.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana, Januari akalazwa, akarudishwa nyumbani, na Alhamisi moja akanishika mkono, akasema, "Harm, mpigie Ter Braake, mwambie nimemsamehe, aje anizike." Alifariki Jumapili, tarehe 3 Februari 2019.

Sasa Profesa, kaa, kahawa bado, na Aafke ameuegemea mlango. Jibu la Geessien kwa swali lako ni hili: simbilisi wengine wa banda lile lile, wenye pumu ile ile, walitiwa pampu ile ile yenye maji ya chumvi matupu, hawakubadilika, na wale wa dawa walipoondolewa pampu, wakatulia. Ulilijua. Ulilisoma kwenye tasnifu kabla hujauliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika supu ya njegere, na walimu wenzake mliobeba jeneza.

Neno moja nimelitunga, nalo ni lile la msamaha. Geessien hakumsamehe mtu, ila bila neno hilo, Profesa, usingekuja.

Lala kwa amani, dada yangu, umeshajibu.