Ta Nathanieli na Majani ya Mubirizi

Ndugu Nathanieli Rutashobya, ambaye sote humwita Ta Nathanieli kwa heshima ya Kihaya, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kuitumikia karakana yetu ya dawa za mimea hapa Miembeni kwa miaka ishirini na sita.

Kazi yake ilikuwa kukamua mubirizi, yale majani machungu yanayoota nyuma ya nyumba zetu Bukoba na Muleba, ili kupata viondoasumu, yaani vile viambata vinavyolinda mwili usichakae upesi. Alipoanza, majani kutoka Kishanda yalianikwa juani, kwenye mikeka pembeni ya kahawa. Yakatoka ya kahawia, maabara ikasema hayana nguvu. Ta Nathanieli akayahamishia kivulini. Watu wakanung'unika. Kisha akapiga marufuku kuchemsha. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, kwa sababu Mhaya akiona sufuria lazima aifunike kwa majani ya mgomba asubiri iive. "Jamani, hii si ndizi!" alikuwa akifoka, huku anaepua. Mubirizi hulowekwa kwenye maji ya vuguvugu, ukachujwa taratibu. Moto mkali unaua kile kile tunachokitafuta.

Amefundisha wengi, lakini mwanafunzi wake bora ni Nancy. Ni binti yangu, ndiyo, ila hata nisingemzaa ningesema hivyo hivyo. Muulizeni yeyote.

Mwezi Mei mnunuzi wetu mkubwa, mtengeneza vidonge, alitamka wazi: mzee akiondoka na dawa ikapungua nguvu, ananunua kwingine. Karakana ingefungwa. Ta Nathanieli akamkabidhi Nancy sufuria kubwa, akaenda kwao Rubafu, akazima simu. Nancy alipiga mpaka akalia. "Mama, joto limepanda, nifanyeje?" Mimi ni wa meza ya kuchambua majani, nitajua nini? Nikamwambia, "Mwanangu, unajua. Fanya." Akapunguza moto, akasubiri, akachuja.

Majibu ya maabara: nguvu ile ile, na kidogo zaidi. Hiyo "kidogo zaidi" naomba mhariri asiifute. Mnunuzi amebaki. Ta Nathanieli alirudi Jumatatu na mkungu wa ndizi, akauliza kama sufuria imeoshwa, basi.

Ta Nathanieli, asante kwa kutuachia kazi. Kapumzike Rubafu na mkeo Ma Theopista, afya iwe tele na migomba izae. Na simu uizime utakavyo, Nancy hatapiga.

Kokubanza, meza ya kuchambua majani