Nyimbo Zetu Zilizofungiwa Ng'ambo

Mwangaluka, ndugu zangu wa Bariadi! Jina la Bwana lisifiwe na kila aliyewahi kufungiwa nje ya mali yake mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa kwaya kule Lalago. Nimetunga nyimbo thelathini na mbili, na leo nitajivuna kidogo, mnivumilie. Nilipopata simu kubwa nilijiona nimefika. Nyimbo zote, na picha za wanangu, nikazihifadhi mtandaoni, kwa kampuni moja kubwa ya ng'ambo, na madaftari yangu yakawa ya kuwashia moto jikoni. Waimbaji wakaacha kukariri. Mimi nasoma ubeti kwenye simu, wao wanadakia.

Ndugu zangu, simu ikafa. Nikanunua nyingine na laini mpya, maana ile ya zamani niliitelekeza hadi ikafungwa. Kumbe namba ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi inatumwa kwenye laini ileile! Nilibembeleza, wapi. Hakuna mtu wa kuongea naye, mashine inajibu tu: jaribu tena. Na zilibaki wiki mbili twende kuimba Binza, mbele ya kwaya zote za wilaya. Nililia kwa aibu.

Nikamfuata Mama Minza, mwimbaji wetu wa sauti ya pili, shambani kwake. Mama huyu hajui kusoma na simu yake ni ya kitochi. Wimbo anaushika kwa sikio, kisha anaurudia huku akichuma pamba.

"Mwalimu," akacheka, "utunge wewe, halafu uje kuniuliza mimi?"

Nilichuma naye siku nne. Yeye anaimba, mimi nasimama kuandika. Zilitoka zote thelathini na mbili, Mungu ni mwema! Binza tuliimba bila simu mkononi, na watu walisimama.

Niliendelea kujaribu tena na tena, na mwezi uliopita mashine ikanikubali, akaunti ile ikafunguka. Nikalinganisha. Wimbo mmoja, ubeti wa pili ulikuwa tofauti. Mama Minza aliubadilisha bila kuniambia. Wake ni mzuri kuliko wangu, ndio tunaouimba. Nikatoa nyimbo na picha za wanangu, nikaweka nakala kwenye kadi za kumbukumbu za simu, katika nyumba tatu, halafu nikaifuta akaunti kwa kidole changu mwenyewe.

Namshukuru Mungu. Nawe uliyeweka maisha yako yote kwa watu wasiokujua, mtumaini Yeye, ukachukue vitu vyako.

Akina mama wa Lalago, simameni. Mama Minza, anzisha.